Re: Vifaranga vya badji kutoka bila manyoya ya mabawa

Pole sana kaka, umeuliza kwanini vifaranga vya badji wako (wale kasuku wadogo wa kufugwa) hapo Makorora, Tanga, vinatoka kwenye boksi la kutagia havina manyoya marefu ya mabawa na mkia, vinakimbia tu chini haviruki. Mi naona hiyo ni virusi, poliyoma au sirko (virusi viwili vya ndege vinavyoharibu manyoya), sio joto la Tanga kama jamaa mwingine alivyokujibu huko juu. Angalia mashina ya manyoya yaliyobaki, ukikuta weusi ndani karibu na ngozi hiyo ni damu ilogandia, dalili kubwa hiyo. Wazazi wanaweza kuonekana wazima kabisa na bado wakawaambukiza watoto, kwahiyo simamisha kuzalisha kwanza, toa maboksi yote, safisha vumbi la manyoya, na usiuze hata mmoja tafadhali, utawaharibia wenzio. Yule kifaranga mmoja uliyesema manyoya hayaachi kukua mpaka yanamfunika macho ni kesi nyingine, hiyo ya kurithi, wazazi wote wawili wameibeba, haina dawa na wengi hawamalizi mwaka, usiwarudishe pamoja wale wazazi. Kuwalisha nafaka ya ulezi mtupu nako hakutoshi, ongeza mchicha na karoti, ila usitegemee lishe itaondoa virusi. Mpeleke mmoja kwa daktari wa mifugo apimwe.