Ukipanda Lushoto, Lala Huko Huko

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Dar es Salaam, binti kwa maandishi yake, na umenikaa kooni mpaka leo. Anasema: "Dada, nilifuata maneno yako nikaenda Lushoto. Nimefika Irente, ukungu mtupu, nikapiga picha mbili tatu, saa tisa tukageuza. Hela yangu imekwenda bure, bora ningevuka Zanzibar." Chini akaniwekea emoji za kucheka, tena mstari mzima.

Mdogo wangu, nakujibu hapa hapa, mbele za watu, kwa sababu hauko peke yako. Kila kipupwe napata malalamiko ya namna hii, na yote yana ugonjwa mmoja: mtu kapanda mlima asubuhi, kashuka jioni, halafu anaulaumu mlima.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga mjini. Bahari ndiyo jirani yangu. Lakini mama yangu ni Msambaa wa upande wa Soni, na kila shule ilipofungwa tulipakiwa kwenye basi kwenda kwa mjomba. Kwa hiyo nikizungumzia milima hii ya Usambara siongei kama mtalii, naongea kama mpwa, na mpwa ana haki ya kukasirika mtu akisema kwao hakuna kitu.

Njia ya kutoka Tanga mpaka Mombo sina la kuisimulia. Nunua machungwa Muheza, ulale. Amka Mombo. Hapo ndipo gari linapoacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda, kilomita 33 hivi za lami yenye kona zisizoisha, korongo upande mmoja na ukuta wa mwamba upande wa pili. Mwambie konda akupe kiti cha upande wa korongo, na usione haya kuomba. Ukikaribia Soni utayaona maporomoko ya maji ukiwa garini. Watu wengi wanayapita wakichezea simu, kisha wakifika Lushoto wanauliza, "Hivi yale maporomoko yako wapi?"

Sasa Irente, lile jabali la kutazamia uwanda wa chini. Kutoka Lushoto mjini ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu, unapita mashamba ya kabichi na karoti, watoto wanakuamkia. Wewe waitikie, na ukikutana na mtu mzima mchana mwambie "onga mshi," utaona uso wake unavyofunguka. Unaweza pia kupanda bodaboda, lakini anayekwenda Irente kwa bodaboda anafika mapema na kuchoka kukaa mapema.

Mjomba alikuwa na masharti yake. Hakuniruhusu kusogea kwenye jabali mpaka nimtajie kilichoko chini. Ananishika mkono nyuma ya mgongo wangu, ananiuliza: ile mistari iliyonyooka ni nini? Mkonge. Nani aliuleta? Mjerumani Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Yale mashamba yote unayoyaona, na mengine mpaka uwanda wa Korogwe, yalianza na hiyo michache. Ule uzi mwembamba pembeni ya barabara? Reli. Ilitoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905. Na pale penye mabati? Mazinde.

Mazinde ndiyo ilikuwa inamkalisha mjomba chini. Alikuwa anavua kofia kabisa. Wafalme wa Kilindi waliowatawala Wasambaa, ukoo wa Mbegha, walikaa Vuga huku juu milimani, na Kimweri ye Nyumbai akawa na nguvu mpaka zikafika pwani. Lakini misafara ya biashara ilipita chini, kwenye uwanda, na mwanawe Semboja akaenda kuketi Mazinde, karibu na hiyo misafara na bunduki zake. Kimweri alipofariki miaka ya 1860 nguvu ilikuwa imeshateremka mlimani. Vita vikafuata, miaka mingi, watu wakauzana. Mjomba alikuwa akisema hayo akinyoosha kidole: huku juu mvua na migomba, kule chini vumbi na biashara, na umbali wenyewe ni huo unaouona, mtu mwenye sauti nzuri karibu angesikika. Ukishaelezwa hivyo, ule uwanda hauwi tena "mandhari." Unakuwa kesi ya ukoo.

Ndiyo maana nasema hujaona kitu. Umesimama juu ya hayo yote, umegeuza mgongo, umejipiga picha.

Na ukungu je? Ukungu ni wa kusubiriwa. Juni mpaka Agosti kuna siku unashinda umekaa pale juu, masika ndiyo usiseme. Lakini unaondoka wenyewe, tena kwa ghafla. Ukiwa umelala Lushoto una jioni ya leo na asubuhi ya kesho, ukikosa hii unapata ile. Ukiwa na gari linalokusubiri lipige honi, huna kitu. Lala huko. Chukua sweta, Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari na sisi watu wa pwani tunadhani baridi ni hadithi.

Jioni ikiwa safi kaa kwenye jabali, mbali na ukingo, utazame chini. Kuna jambo moja pale sijalizoea hata leo: mwewe anaelea chini yako, unamwona mgongo. Maisha yote nimeona ndege kwa tumbo. Pale unaona manyoya ya mgongoni yanavyopeperushwa na upepo unaopanda kutoka bondeni, na kanga yako nayo inataka kuondoka. Sauti ya lori kule barabarani inakufikia lori lenyewe likiwa limeshasogea.

Mwaka jana nilipeleka kikundi chetu cha akina mama. Nilipanga kila kitu mimi: gari, vyumba, chakula, mpaka dawa za kuzuia kutapika za wale wanaoshindwa na kona. Jua lilipokuwa linazama Irente uwanda ukafunguka wote, na kina mama wazima wakanyamaza, wanawake ambao hata msibani hawanyamazi. Nilifurahi mpaka nikasikia aibu. Tuliporudi Tanga ikafanyika hafla ya kushukuru. Shukrani akapewa dereva. Kanga ya doti nzima akapewa dereva, kwa kuendesha vizuri kwenye kona. Mimi nikaambiwa, "Na wewe dada ahsante kwa kuratibu." Kuratibu! Sijasema kitu mpaka leo, ila leo nimesema.

Tuendelee. Sakharani.

Hapa najua baadhi yenu mtashangaa. Ukitaja mvinyo nchi hii watu wanawaza Dodoma, na ni haki yao, zabibu ni za Dodoma. Lakini huku kwetu, ukikata kutoka Soni, kuna shamba la watawa Wabenediktini linaloitwa Sakharani, nao wanatengeneza mvinyo. Mimi sinywi, dini yangu hairuhusu, na sikushauri unywe wala usinywe. Nakushauri ufike. Njia yenyewe inapita kwenye vilima vilivyolimwa mpaka kileleni, kila kona una bonde jipya, na ukifika kuna utulivu, miti mikubwa, na makadamia za kununua. Mara ya mwisho nilimnunulia chupa shemeji yangu Mkristo. Bruda aliyenihudumia aliizungushia gazeti polepole, akakunja ncha ya chini kama anamfunga mtoto nepi, akaniangalia ushungi wangu, akasema, "Mama, hii usiiweke chini ya jua." Basi. Hakuuliza kingine. Nilimpenda kwa hilo.

Shamba hilo nalo lina habari yake. Alilianzisha Tom von Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani aliyepigana vita vingi vya kuitiisha nchi hii, watu wakamwita Bwana Sakarani. Akastaafu, akaja kulima Usambara. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja akarudi jeshini, akauawa Tanga mjini tarehe 4 Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji wetu wakashindwa. Kwa hiyo mtu wa Tanga akipanda Sakharani anakamilisha safari ambayo mwenye shamba aliianza akielekea upande wetu na hakurudi. Vijana wetu wanapita mitaa ileile ya mapigano kila siku kwenda kununua urojo na hawajui. Wazazi, tuwaambie watoto. Shule peke yake haitoshi, na mwalimu wa historia hawezi kukubebea mtoto mpaka Soni.

Mvinyo mwingine wa huku ni wa ndizi, wa masista wa Montessori pale Ubiri, kabla hujafika Lushoto. Kwao mimi huchukua jamu na jibini. Irente shambani nako, kwa Walutheri, kuna jibini na mkate wa kuoka wenyewe, ukitoka kwenye jabali una njaa unaula bila kuuliza bei. Hayo mengine ya mjini, soko na kadhalika, utayaona mwenyewe.

Nimeulizwa pia kuhusu waongozaji. Utawakuta vijana Lushoto stendi, wengine wazuri sana, wengine wanabahatisha. Dai kitambulisho, patana bei kabla ya kuanza kutembea, kisha ukishapatana ulipe bila kelele. Hili linanichoma. Mtu ana simu ya milioni, amelipa nauli, amelipa chumba, halafu anasimama msitu wa Magamba, mbega wanaruka juu yake, anamkatia kijana elfu mbili kwa sababu "hukutembea sana." Yule kijana amekuonyesha mbega ambao peke yako ungewapita ukidhani ni majani yanatikisika. Tujifunze kulipa macho ya watu. Tunalipa miguu na injini, macho tunataka bure.

Na kama una siku ya ziada, usirudie Irente. Nenda Mtae. Ni mbali, gari linapita Magamba na Lukozi kwenye mboga zote zile, unafika umechoka na vumbi kichwani, lakini kijiji chenyewe kimekaa juu ya mgongo wa mlima na ardhi inaanguka pande zote mbili. Kaskazini unaona hifadhi ya Mkomazi na upande wa Kenya, magharibi milima ya Upare, na asubuhi ikiwa safi sana Kilimanjaro inajitokeza. Huko kwa basi huwezi kwenda na kurudi siku moja hata ukitaka, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Lala huko.

Kwa hiyo wewe binti wa emoji, hela yako haikupotea, umeilipa nusu. Panga upya baada ya masika, kodi chumba Lushoto, acha siku moja haina ratiba. Irente jioni, Sakharani kesho yake, Mtae ukiweza. Ukiwa Mtae kumbuka mabasi ya kurudi huondoka alfajiri, giza bado: lipia kiti jioni ile ile, muonyeshe konda unapolala, na umwambie akugongee dirisha, si mlango, maana wapangaji wa vyumba vingine wataamka wote wakulaumu.