Daktari, sindano ndiyo imeamsha kansa ya mzee?

SWALI: Habari daktari. Mzee wangu ana miaka 61, ameumwa na mgongo chini kabisa karibu miaka miwili, hata kukaa ni shida, tukadhani ni TB ya mfupa. Hapa Nakuru akapigwa MRI wakaona uvimbe, akadungwa sindano, sasa ripoti inasema "inashukiwa kordoma" na wanataka kumdunga tena na sindano nene. Shangazi anasema sindano huamsha kansa. Tukubali ama tukatae?
– Binti ya Mzee, Bahati

JIBU: Pole sana dada, na umsalimie mzee. Ile sindano ya kwanza ni nyembamba, inafyonza seli tu, zinapakwa kwa slaidi na kutiwa rangi. Kordoma, yaani kansa ya mifupa ya uti wa mgongo, chini ya darubini inapendeza (mnisamehe, sisi watu wa maabara tuko hivyo), unaona ute unavutika kama mrenda na ndani yake seli kubwa zimejaa mapovu, daktari Virchow wa Ujerumani aliziandika tangu 1857. Inatokana na masalio ya ule uzi ambao uti wa mgongo hujijenga juu yake mtoto akiwa tumboni. Ni adimu, kama mtu 1 kwa milioni kwa mwaka.

Sasa shida, kansa ya gegedu pia ina ute, na kansa ya utumbo ikishasambaa hadi mfupani pia, na matibabu ni tofauti kabisa. Kwa hivyo aliyeandika "inashukiwa" hakuzembea. Sindano nene inaleta kipande cha nyama, kinapimwa protini inaitwa brakiuri, ikishika rangi kwa kiini cha seli, ukiweka na ile MRI, hapo ubishi umekwisha, ni kordoma.

Shangazi naye hajakosea yote. Uvimbe ulikuwepo kabla ya sindano, haikuuamsha, lakini kordoma inaweza kudondosha seli pale sindano imepita na ziote hapo. Ndio maana daktari atakayempasua ndiye achague pa kudunga, ili akitoa uvimbe atoe na hiyo njia, na isipitie njia ya haja kubwa. Kwa hivyo kubalini, ila kwanza ulizeni ni nani atampasua na kama ameona picha. Kama hajulikani ombeni rufaa Eldoret ama Nairobi, kordoma nyingi hukua polepole, wiki chache si mbaya. Lakini mguu ukifa ganzi ama mkojo ukikataa, msingoje klinik, mwende siku hiyo hiyo.

Na zile slaidi za kwanza mziombe mwende nazo, msibebe karatasi peke yake.