Dada, usitie rangi ya keki kwenye sabuni ya oda: yaliyonikuta mimi

Dada, simama hapo hapo. Weka chini hicho kichupa.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Umeanza sabuni za baridi (zile zisizochemshwa motoni) mwezi huu, nyeupe zimekutoka vizuri mara mbili, sasa umepata oda ya kichen pati: vipande 80, zambarau na pinki, zinatakiwa baada ya siku 24. Rangi za keki umeshanunua. Unauliza utie matone mangapi kwa kilo ya mafuta, mistari ya marumaru inachorwaje, moldi (kalibu ya kumwagia) ya mbao au ya silikoni, na uuze shilingi ngapi.

Matone ni sifuri. Usitie hata moja.

Nami nilianza hivyo hivyo, jikoni kwangu Temeke, mwaka 2021. Sabuni zangu za nazi na alizeti zilikuwa nyeupe safi, majirani wakazisifia, hadi jirani mmoja akanipa oda ya harusi ya mwanawe. Vipande 120, nusu zambarau nusu pinki, kwa sababu ndizo zilikuwa rangi za sare. Shilingi 3,000 kipande. Alinipa nusu mkononi, 180,000, nami nikaziingiza zote kwenye mafuta na manukato siku hiyo hiyo.

Nilikuwa kwenye darasa la WhatsApp, ada elfu 40, mwalimu anajiita bingwa wa sabuni. Nikamuuliza habari ya rangi. Akanijibu kwa sauti: "Mpenzi, rangi ya keki inatosha kabisa. Mradi inaliwa, haina madhara." Mradi inaliwa! Keki ina kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni? Keki ni unga, mayai na sukari. Uji wa sabuni ukiwa mbichi una kostiki kali, pH, kipimo cha ukali wake, inafika 13 na kupanda, na hata sabuni ikikomaa hubaki kwenye 9 au 10. Rangi za chakula zimetengenezwa zikae kwenye juisi, peremende na barafu. Ukizitupa kwenye kostiki, nyingi hubadilika au hufa kabisa, na zile chache zinazosalia huyeyuka kwenye maji na kuchuja kwenye taulo la mtu. Hayo ndiyo niliyopaswa kufundishwa kwa elfu 40 yangu.

Nilikoroga Jumamosi jioni. Ule uji ulikuwa mzuri, nisikufiche, kama zambarau lenyewe limepasuliwa, lile la msimu linaloacha ulimi umekolea. Nikapiga picha, nikamtumia mama wa bwana harusi, akanirudishia mioyo mitano. Sijamaliza hata kuosha vyombo nikaona pembeni mwa moldi kumepauka. Saa nne usiku ilikuwa kijivu. Alfajiri nikafunua taulo nililofunikia, nikakuta kitu cha rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, katikati kina mabaka kama ukuta ulionyeshewa. Pinki nayo nilikuwa nimeitia manukato ya vanila. Siku ya nne ilikuwa imekwenda kahawia ya sukari guru, kwa sababu vanila yenyewe hubadilisha sabuni kuwa kahawia, uitie rangi usiitie. Hilo nalo darasani halikutajwa.

Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama, na sehemu inayofuata naomba uisome taratibu, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie usiku huu.

Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Nikaenda Kariakoo, kwenye duka la malighafi nililozoea, nikamweleza muuzaji nikiwa karibu kulia. Akainama chini ya meza akatoka na kifuko cha unga wa pinki, kile wanachochemshia ukili wa mikeka. "Hii haikuangushi, mama. Mkeka unapigwa jua na mvua, rangi iko pale pale." Kifuko hakikuwa na lebo, wala jina la kemikali, wala jina la aliyekitengeneza. Nikakopa laki mbili kwenye kikoba, nikapika vipande 120 upya, vyote pinki. Rangi ikakaa kweli. Iliwaka! Nikazikata, nikazifunga utepe, nikazipeleka zikiwa na siku 12 tu tangu nikoroge, wakati sabuni ya baridi inataka wiki 4 hadi 6 ikauke na kutulia.

Jumatatu baada ya harusi simu zilianza saa moja asubuhi. Viganja vya wageni vimekuwa pinki na havitoki. Shangazi wa bibi harusi alifulia kanzu ya mumewe, kanzu nyeupe ya Ijumaa, ikaharibika yote. Hayo ningeyalipa yakaisha. Lakini kulikuwa na mtoto wa miaka miwili aliyeogeshwa na ile sabuni. Alitoka vipele mgongo mzima, akalia usiku kucha, wakamkimbiza zahanati. Alipona baada ya siku chache, namshukuru Mungu. Nilikwenda kumwona. Mama yake alimwinua kidevu anionyeshe: kwenye mikunjo ya shingo pinki ilikuwa imebaki mistari myembamba kama uzi. Mama hakunitukana. Alinionyesha tu, akamshusha. Naiona ile shingo mpaka leo kila ninapofungua kopo la rangi.

Nilirudisha 360,000 zote. Kikoba nimekilipa miezi minane. Yule mwalimu nilipomwandikia kumweleza kilichompata mtoto, alinitoa kwenye kundi, na darasa jipya likatangazwa wiki ile ile. Muuzaji akaniambia, "Mimi nauza rangi, sabuni umepika wewe." Nina hasira nao hadi sasa na sitaki kuzificha. Mtu anayepokea ada kufundisha kitu kinachopakwa mwilini, naye hajawahi kuiweka sabuni yake mwenyewe wiki sita akaitazama, anachezea ngozi za watoto wa wenzake. Kosa langu ni langu, nimelilipa. Lao hawajalilipa, na wewe umeshakuwa mteja wao bila kujua, maana hicho kichupa cha keki kuna mtu amekuambia ukinunue.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote ukiyasahau sawa: rangi ya sabuni haitazamwi siku ya kukoroga, inatazamwa wiki ya sita. Usimwahidi mtu rangi ambayo wewe mwenyewe hujaiona ikiwa na wiki sita.

Namna ya kujaribu haina gharama kubwa. Pika sabuni nyeupe ndogo, mafuta nusu kilo, upimie kwa mzani wa gramu na kostiki uipigie hesabu sawasawa kwa kila mafuta. (Na kama sufuria yako ni ya aluminiamu, iache kabatini. Kostiki huila aluminiamu na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo nene ya plastiki au chuma cha pua, na kostiki ndiyo iingie kwenye maji, isiwe maji juu ya kostiki.) Uji ukianza kushika, ukiwa kama uji wa mtoto, ugawe kwenye vikopo vitano vya mtindi. Kila kikopo rangi moja. Unga wa rangi usiutupe mkavu, utakuachia chembe. Usage kwanza kwa mgongo wa kijiko ndani ya alizeti kidogo hadi usione punje: kijiko cha chai kimoja cha rangi kwa kijiko cha chakula kimoja cha mafuta. Kwa nusu kilo nzima ya mafuta, kijiko cha chai kimoja ndio mwisho, nawe anza na nusu; kikopo kimoja kina sehemu ya tano tu ya hapo. Ukizidisha, hata rangi nzuri itakutolea povu la rangi. Kikopo kimoja kiache bila rangi ukitie manukato utakayotumia, uone yanafanya nini peke yake. Bandika plasta juu, andika jina la rangi, kiasi na tarehe. Ukishakata, nusu weka kabatini, nusu weka dirishani penye mwanga, kwa sababu kuna rangi zinazoishinda kostiki halafu zinauawa na jua. Kabati langu la vyombo limejaa vipande hivyo, vingine vya miaka miwili, na mteja akija namwonyesha vile badala ya picha.

Wiki ya sita ikifika, shika kipande, kisugue kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikibaki cheupe, una rangi. Kikipokea, huna.

Zinazodumu kwangu mimi ni oksidi za chuma, kwa nyekundu ya udongo, njano na kahawia, na ultramarini kwa bluu, pinki na zambarau. Zambarau yako hiyo ndiyo njia yake: ultramarini ya zambarau, ya kiwango cha vipodozi, kutoka kwa mtu anayekupa lebo. Ultramarini inavumilia kostiki, inachoogopa ni asidi. Ukiikamulia ndimu inafifia na kunuka yai viza, na mimi hutumia hiyo ndimu kuikagua dukani. Mika, zile unga za madini zinazometa, zinameremeta vizuri, ila nyingine zimepakwa rangi za kuyeyuka juu yake na hizo hugeuka kama za keki, kwa hiyo kila mika ina kikopo chake cha mtindi kabla ya kupikwa. Bluu ya kufulia watakutajia, kaa mbali nayo: kuna ya ultramarini na kuna ya bluu ya Prussia, na hiyo ya pili ikikutana na kostiki inakuwa kahawia kama kutu. Pakiti haikuambii ni ipi.

Za asili? Mzingifuri naupenda kuliko zote. Loweka mbegu kwenye mafuta ya uvuguvugu, chuja, unapata njano hadi chungwa. Wenzetu wa Kwale, Kenya, wanaulima kama zao la biashara. Binzari ya manjano ikiingia kwenye kostiki huwa nyekundu ya kutisha, usiogope, inarudi njano ya chungwa kadiri sabuni inavyotulia, ila jua huipausha. Mkaa wa unga laini, sawa. Kakao, sawa. Rosela ile ya juisi na biti, hapana kabisa, zote mbili huishia kahawia. Mlonge unaanza kijani cha kupendeza na unachoka mbele ya macho yako. Ukifika Paje, Zanzibar, ukaziona sabuni za mwani utaelewa kwa nini sikazanii rangi kali: zina rangi ya mwani tu, na wageni wanazinunua.

Najua kuna wanaojiandaa kunijibu, "mbona mimi natumia ya keki na iko poa." Ndugu yangu, sabuni yako ina siku ngapi? Siku tatu? Siku tatu za fungate hata bwana harusi ni mpole. Leta picha ya wiki ya sita, pamoja na kitambaa cheupe, ndipo tuzungumze.

Marumaru ni kitu kidogo, mwaga uji ukiwa bado mwepesi. Ila usitie mafuta ya karafuu siku hiyo, yatakugeuzia uji kuwa ugali kabla hujainua kijiko. Na kama unauza kwa watu, kumbuka vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nenda ukaulize wanataka nini kabla biashara haijakua.

Sasa oda yako. Siku 24 hazitoshi hata kwa sabuni nyeupe kukomaa, achilia mbali kujaribu rangi. Mpigie aliyekupa oda kesho asubuhi kabla hajalipa ukumbi. Mwambie sabuni zitakuwa nyeupe, na zambarau na pinki zao zitakaa kwenye utepe na karatasi ya kufungia. Karatasi haiwashi mtu shingoni. Vile vipande ulivyopika mwanzo wa mwezi vitakuwa na wiki saba siku ya sherehe, anza kuvihesabu. Vikipungua, nunua kwa jumla kwa mwenzetu yeyote hapa mwenye nyeupe zilizokomaa, uuze bila faida mara hii moja. Akikataa akasema anataka zambarau ndani ya sabuni, mrudishie pesa yake.

Na hicho kichupa piga picha upande wa lebo, uweke hapa chini. Nataka kuona aliyekuuzia ameandika nini.