Maswali ya Wasomaji: Roketi Zinazokosa

SWALI: Kwenye mchezo wa video wa Team Fortress 2 nachezea Soldier, mhusika wa kurusha roketi. Roketi zangu nyingi zinampita adui pembeni, na nikikutana na Pyro, yule mwenye bunduki ya moto, ananirudishia mwenyewe. Nakosea wapi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Huenda unalenga kifua. Roketi haifiki papo hapo kama risasi, kwa hiyo aliye mbali ana muda wa kupiga hatua pembeni. Lenga sakafu, miguuni pake, na mlipuko utampata hata roketi ikimkosa. Akiwa ameegemea ukuta, piga ukuta.

Mlipuko wa chini pia humrusha juu, na hapo ndipo utamu ulipo. Akiwa hewani hana njia nyingi za kukwepa. Usifyatue hapo hapo. Angalia atatua wapi, kisha roketi ya pili imsubiri pale.

Umbali nao una hesabu yake. Roketi ikimpiga mtu moja kwa moja, madhara ya msingi ni 90. Karibu sana hufika 112, mbali sana hushuka hadi 48 hivi. Kumwaga roketi 4 zote kwa mtu aliye ng'ambo ya uwanja ni hasara, maana zinapakiwa moja moja. Ukivamiwa katikati ya kupakia, fyatua tu. Si lazima zijae.

Pyro? Chomoa shotigani. Hewa inayopulizwa na bunduki yake hurudisha roketi, lakini risasi haiziwezi. Ukilazimika kutumia roketi, vunja mdundo wako, maana anasubiri mlio unaofuata.