Uamuzi Unapoitwa "wa Mwisho"

Katika kazi yangu ya kuhariri mikataba, barua za ofisi na kumbukumbu za vikao, ni maneno machache yaliyozua ubishi kuliko haya mawili mafupi: "wa mwisho". Jina "mwisho" limetokana na kitenzi "isha", na linapofuata jina jingine hubeba maana mbili zisizolingana. Ya kwanza ni ya mpangilio, kwamba kitu kimekuja baada ya vingine; ya pili ni ya kufunga, kwamba baada yake hakuna kingine. Ndiyo maana "kikao cha mwisho" huweza kuwa kile cha juma lililopita, ambacho kitafuatwa na kingine, au kile ambacho kamati ilivunjwa baada yake.

Unapokusudia mpangilio, andika "kikao kilichopita" au "barua ya karibuni zaidi". Unapokusudia kufunga, taja kilichofungwa na aliyekifunga. Sentensi "Uamuzi huu ni wa mwisho" ina sauti ya mamlaka, lakini mwenye shauri atauliza kama ni wa mwisho kwa ofisi hiyo tu au kwa ngazi zote. "Ofisi hii haitaupitia tena uamuzi huu" inajibu swali hilo, ilhali "Uamuzi huu haukatiwi rufaa" ni kauli nzito zaidi, isiyofaa kuandikwa kabla ya kuhakikisha kwamba sheria au kanuni husika inasema hivyo. Kuongeza "kabisa" hakusaidii. Nimeona rasimu "ya mwisho" ikifuatwa na "ya mwisho kabisa", na zote mbili zikarekebishwa. Tarehe na neno "imeidhinishwa" vingetosha.

Wapo wanaokimbilia "hatima" kwa kudhani ni "mwisho" uliovaa nguo rasmi. Neno hilo lenye asili ya Kiarabu lina maana ya mwisho pia, ila katika matumizi ya leo limeelemea zaidi upande wa majaaliwa: mwisho wa mradi ni siku unapokoma, hatima yake ni yale yatakayoupata. "Hatimaye" nayo hudokeza kungoja kwa muda mrefu, hivyo haifai kutangulia kipengele cha tano cha ajenda, isipokuwa kama wajumbe walikuwa wamechoka kweli. "Tamati" naliachia mahali pake pa jadi, chini ya maandishi yaliyokamilika, na "fainali" nawaachia wanamichezo.

Ninalolikagua kwa ukali zaidi ni "tarehe ya mwisho". Tangazo likisema kwamba tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ni 30 Juni, wengine wataihesabu siku hiyo na wengine hawataihesabu. "Saa sita usiku wa 30 Juni" huzidisha utata, kwani msomaji hajui kama ni usiku unaoingia tarehe hiyo au unaotoka. Mimi huandika: "Maombi yatapokelewa hadi saa kumi jioni, tarehe 30 Juni; yatakayofika baada ya hapo hayatafunguliwa."