Churchill Downs kwa mara ya kwanza: zifuate nguzo

Kila mwaka ikikaribia Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya Derby, mbio kubwa za farasi za uwanja wa Churchill Downs hapa Louisville, Marekani, simu yangu haitulii. Ndugu, jamaa, rafiki wa jamaa: "Tunakuja Louisville kuona Derby, tusimame wapi?" Jibu langu ni lile lile. Njooni kwanza siku ya mbio za kawaida. Siku ya Derby umati hupita laki moja, na usiyeujua uwanja utaishia kuangalia kofia za watu.

Mimi niliingilia mlango wa nyuma. Kazi yangu ya kwanza hapa mjini ilikuwa kutembeza farasi mazizini, mbali na ile minara miwili ya mwaka 1895 ambayo kila mgeni anaipiga picha. Farasi akirudi mazoezini unampokea akifuka mvuke kama sufuria ya chai, unazunguka naye bandani mpaka kifua kipoe, na maji unampa mafunda machache kila baada ya mizunguko kadhaa. Alfajiri unaona mambo ambayo mtazamaji wa mchana hayaoni. Wanaokimbia kwa kasi hushika ukingo wa ndani, wakizunguka kinyume cha saa. Wanaojogi taratibu hupita ukingo wa nje, wakielekea upande wa pili.

Pamoja na hayo, siku niliyoenda kama mtazamaji niliumbuka. Mbio za kwanza zilianzia mbele ya majukwaa, nikajisemea hapa ndipo penyewe, nikaganda. Mara trekta likaja, likalivuta lango zima la kuanzia hadi ng'ambo ya uwanja. Nikabaki na alama za matairi mchangani.

Hapo ndipo nilipoelewa: mstari wa kumalizia hauhami, mwanzo ndio unaohama. Njia kuu, ya mchanga, ni maili moja kamili, yaani mita 1,609 kwa mzunguko. Mbio za falongi sita (falongi ni moja ya nane ya maili), kama mita 1,200, huanzia ng'ambo. Derby ni maili moja na robo, kwa hiyo huanza robo maili kabla ya mstari, na farasi hupita mbele ya majukwaa mara mbili. Ndani ya njia ya mchanga kuna ya nyasi, falongi saba.

Ndiyo maana nguzo zilizopangwa kando ya njia huhesabu kurudi nyuma, zikikuambia umbali uliobaki. Nyekundu na nyeupe ni za robo maili. Kijani na nyeupe ni za moja ya nane, yaani falongi. Nyeusi na nyeupe ni za moja ya kumi na sita. Simama karibu na ile ya kijani ya mwisho. Kutoka kona ya mwisho hadi mstari ni kama mita 376, na ukiwa pale farasi wameshamaliza karibu nusu ya kipande hicho. Aliyechoka utamjua kwa shingo inavyopanda na jokii, yaani mpandaji wake, anavyoanza kuhangaika. Kwenye mstari wenyewe kila kitu kinapita kama upepo.

Kabla ya kila mbio, nenda kwanza wanakofungiwa matandiko. Vitambaa vya tandiko vina rangi: namba 1 nyekundu, 2 nyeupe, 3 buluu, 4 njano, 5 kijani, 6 nyeusi. Zikariri, maana farasi wakiwa ng'ambo namba haisomeki. Kubeti sikufundishi, nina madeni yangu.

Tazama pia matrekta yanavyoparua mchanga kati ya mbio na mbio. Mvua ikinyemelea, hawaparui tena. Wanaushindilia uwe laini juu ili maji yateleze yaende zake.

Na soda nunua mapema. Falongi sita ni dakika moja na sekunde kumi hivi, foleni ya soda ni zaidi ya hapo.