Jibu: Matembezi na babu na watoto yanaishia kwa vilio

Habari za leo, ndugu. Nimekuelewa hivi: wageni wapo siku tano, mmepanga vivutio viwili kila siku, na ikifika saa nane mchana mdogo wa miaka minne analia, babu miguu imevimba, na yule wa miaka kumi na mmoja kanuna.

Angalia kwanza saa mnayotoka nyumbani. Sisi tulikuwa tunaondoka saa tano, jua limeshachachamaa. Tulipoanza kutoka saa mbili asubuhi mambo yalibadilika kabisa. Hata kwenye bustani ya wanyama, wengi huwa wachangamfu asubuhi, mchana wamelala vivulini.

Pili, punguza kivutio kimoja kila siku. Najua inauma, wageni wametoka mbali. Lakini nilimkuta mama yangu amekaa kwenye kizingiti cha lango la makumbusho, viatu kavivua, anajikanda vidole, nami bado nimeshika orodha ya sehemu mbili zilizobaki. Nilijisikia vibaya sana. Tangu siku hiyo ni kivutio kimoja, kisha nyumbani kupumzika.

Kabla ya kutoka piga simu kuuliza mambo matatu: wamefungua siku hiyo (makumbusho mengi hufunga siku moja kwa wiki, na sikukuu hubadili ratiba), kuna viti njiani, na choo kiko wapi.

Huyo mkubwa mkabidhi ramani awaongoze. Wa kwangu aliacha kununa siku hiyohiyo.

Wenye watoto wachanga waongezee, wangu walishapita umri huo.